Mtoto wa Nyuma

22 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta na kile kikohozi chako cha kila mwaka, kunywa maji ya moto na uache ubishi. Mimi mzima. Mama ameniandikia kwamba goti lake limetulia, na kwamba kaka yake, yaani wewe, hajamjulia hali tangu mwaka jana. Nimefikisha ujumbe, yaliyobaki mtamalizana wenyewe. Msalimie Mama Mkunga. Nimesikia anafunga mizigo kwenda kwa binti yenu anayekaribia kujifungua. Nilijua tu kwamba mkunga hata akistaafu hastaafu.

Nimepewa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alinifikisha mlangoni, akasema, hawa ni wako, akaondoka kabla sijageuka. Watoto wamekaa wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili. Dirisha moja halifungi. Ubao umepauka katikati, pale ambapo kila aliyenitangulia amefuta na kufuta, na kabati halina mlango.

Sasa nisikilize. Watoto wangu wanasoma vizuri mno. Nikisimama ubaoni na fimbo ya kuonyeshea, wanaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka dari linaitikia. Mwalimu mkuu akipita anatikisa kichwa kwa raha. Juzi nikaruka mstari wa pili, nikaweka fimbo kwenye wa tatu. Mimi niliruka, wao hawakuruka. Waliendelea na wimbo wao pale pale ulipokuwa, macho yao yako dirishani. Nikaandika neno moja tu, "bibi", kwenye kona ya ubao, nikauliza ni nini. Darasa zima kimya. Hakuna anayejua kusoma, Mjomba. Hata mmoja.

Yupo pia binti mmoja asiyesema kabisa. Nikiita mahudhurio, wenzake wanaitika "Nipo!" kwa nguvu zao zote, yeye ananitazama tu. Ninamwekea alama kwa kumwona. Mama yake anasema nyumbani anaongea mpaka anawachosha. Mimi namwita Kimya.

Chuoni kwako, tulipokuwa tunasomea ualimu, ulikuwa unakaa dawati la mwisho, magoti yamekugusa kidevu, unajifanya mtoto asiyejua kusoma, na sisi tunapita mbele mmoja mmoja kukufundisha. Tulikuita Mtoto wa Nyuma, na ulilijua jina hilo. Ulitutesa kwa maswali mpaka mwenzetu mmoja akarusha chaki. Mimi nilipata alama nzuri, nikaamini nimekufundisha. Sasa nadhani ulinionea huruma kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yako.

Jana niliingia stoo ya chaki, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo, nikalia. Nilijifuta kwa kitambaa cha ubao bila kukiangalia. Nikatoka uso mweupe pe. Watoto wakacheka, nami nikacheka. Usimwambie mama, wala mtu mwingine yeyote. Simu ya hapa iko mezani kwa mwalimu mkuu na anayepiga anasikika mpaka kwenye korido, ndiyo maana naandika. Niambie la kufanya kesho asubuhi nikifungua ule mlango. Usinipe nadharia, ninayo daftari zima.

Mpwa wako,
Mwalimu Mpya


3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika salama, ipo mfuko wa koti, upande wa kushoto. Nimechelewa kujibu kwa sababu mambo yameingiliana. Mkunga ameondoka. Mjukuu amezaliwa, wa kiume, analia kwa mapafu yote, nimeambiwa. Nyumba imetulia. Nakunywa chai, naosha kikombe, nakijaza tena.

Natumaini umepokelewa vizuri hapo kazini. Wamekupa darasa la ngapi? Watoto ni wengi? Wasikilize walimu uliowakuta, lakini usiige kila kitu. Andaa somo lako kila siku kabla ya kulala. Haraka haraka haina baraka. Ukipata ugumu wowote, usisite kunieleza.

Dada yangu hajambo? Mwambie nitamwandikia. Goti lake likoje?

Hapa chuoni kazi inaendelea. Mimi sioni vibaya wala vizuri, siku zinakwenda. Sina zaidi.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Mama amefurahi mpaka amesahau kwamba amekununia. Goti lake, kama nilivyokuandikia, limetulia.

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, kisha nikaipa kisogo. Nilikuandikia darasa la kwanza, wewe unauliza darasa la ngapi. Nilikuambia nimekaa kwenye ndoo nikalia, wewe unaniambia nikipata ugumu nisisite. Halafu mistari yako imepandiana, wa pili umekaa mgongoni kwa wa kwanza, wewe uliyekuwa ukitukata alama kwa mwandiko wa ubaoni. Umelewa? Nakutania. Nusu nakutania.

Narudia, kwa ufupi, kama unavyorudiwa wewe unapokuwa Mtoto wa Nyuma. Watoto wangu wanaimba, hawasomi. Wakaguzi walikuja wiki iliyopita. Watoto wakawaimbia, mkaguzi akaandika "vizuri sana" kwa wino mwekundu, na mwalimu mkuu akanipa mkono. Nilitaka kusema, nikaona hakuna anayetaka kusikia. Nikasema asante.

Sikulia siku hiyo. Silii tena siku hizi, na jambo hilo lingenitisha kama ningekuwa na nguvu ya kutishika. Nafungua mlango, wanaimba, nafunga mlango. Najua sasa mtu anavyoweza kufundisha miaka thelathini bila kufundisha.

Nimeanza kuandika barua ya kuacha kazi. Nimefika kwenye neno "Kuhusu". Shule ikifungwa katikati ya mwaka na sijaona hata mtoto mmoja anasoma neno moja, nitaimalizia na kuipeleka. Sisemi hivi kukutisha. Wewe ndiye uliyenipitisha, basi ni haki yako kujua.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe. Mkunga anasema atarudi mtoto akianza kukaa, halafu atasema akianza kutambaa, namfahamu. Naendelea vizuri. Nimegonga bega mlangoni, la kulia, na jana tena lile lile. Naona milango ya chuo hiki imesinyaa.

Sasa kazi. Wimbo usiupige marufuku, watoto watakuchukia. Uache uwe wimbo wa kuingilia darasani, na baada ya hapo usiuite kusoma. Tafuta vifuniko vya maboksi, vigumu, utie mchanga mkavu uliochekechwa, kifuniko kimoja kwa kila dawati. Chukua herufi moja. Tamka sauti yake, ichore kwa kidole hewani, kisha kila mtoto aichore mchangani huku anaitamka. Kwanza macho yakiwa wazi, halafu yakiwa yamefumbwa. Kidole kina kumbukumbu yake, haiombi ruhusa kwa jicho. Herufi zikiwa chache mikononi mwao, ziunganishe ziwe majina yao. Hakuna mtoto anayechoshwa na jina lake. Anayemaliza atikise kifuniko, afute, amfundishe jirani.

Huyo Kimya usimwombe kusema. Mwombe akuonyeshe. Na unapoita mahudhurio, ukifika kwake, simama kidogo, kisha endelea bila kushusha pumzi.

Tumebishana sana hapa juu ya jambo lako. Mmoja akasema mchanga utatapakaa, mwenzake akamjibu ufagio upo. Mmoja akasema fimbo ya kuonyeshea ivunjwe. Mimi nasema usiivunje, mpe mtoto aishike yeye.

Barua yako ya kuacha kazi iache hapo hapo kwenye "Kuhusu". Ni mahali pazuri pa kupumzika.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo naiweka kwa sababu mama alinilea. Habari za nyumbani sina za kukupa leo.

Nianze na mchanga, usije ukasema hasira imenifanya mtovu wa fadhila. Mchanga unafanya kazi. Wiki mbili za kwanza ulikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye madaftari, kwenye chai yangu, na mwalimu wa darasa la pili akanisema kwa wenzake. Nikaendelea. Watoto kadhaa sasa wanachora majina yao macho yamefumbwa. Kimya alilimaliza la kwake kabla ya wote, akanisogezea kifuniko bila neno, akakitikisa akafuta, akaandika tena ili niamini. Bado hasemi. Kusoma neno jipya, wasilowahi kuliona, bado hakuna aliyeweza.

Sasa hili. Wanachuo wako wameletwa hapa kwa mazoezi ya kufundisha. Mmoja ni mrefu sana, wenzake wanamwita Ngazi. Siku ya kwanza, ndani ya chumba cha walimu, watu wote wapo, mwalimu mkuu ameshika kikombe, kijana huyo akaninyooshea mkono kwa adabu zote, akasema, "Pole sana, mwalimu. Si wewe yule wa stoo ya chaki?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza, kwa nia njema kabisa, kwamba mkufunzi wao aliwaletea barua mbili za mwalimu mpya, kwamba yeye ndiye aliyesimama akazisoma kwa sauti, kwamba darasa zima lilijadili, na kwamba tangu siku ile wamekuwa wakiniombea. Akataja ndoo. Akataja kitambaa cha ubao. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama.

Nilikuandikia usimwambie mtu. Uliwaambia wote. Umenifanya zana ya kufundishia. Nilipoisoma ile barua yako ya Aprili nilikaa kitandani nikafurahi, nikasema, Mjomba amerudi. Kumbe ni darasa zima lililonijibu, na wewe uliandika tu waliyosema.

Sina hasira ya kupiga kelele. Nina ganzi, kama fizi kabla ya jino kung'olewa. Barua ya kuacha kazi imetoka kwenye "Kuhusu", imefika katikati ya ukurasa. Usiniandikie mpaka uwe tayari kuniambia kwa nini.

Mpwa wako


25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za nyumbani ndizo zitakazofuata, maana hakuna nyingine.

Barua yako ya hasira nilisomewa na muuza miwani wa mtaa wa soko. Nilimwambia miwani yangu imevunjika. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei, huku wateja wanajaribu fremu kwenye kioo. Alipomaliza akaikunja, akasema, "Mzee, huyu umemuumiza." Nikamwambia ndiyo. Hakunitoza kitu, na miwani sikununua.

Siwezi kusoma. Sikufichi tena. Mwanzoni mwa Januari niliamka asubuhi, nikachukua gazeti, nikaona limechapwa vibaya. Nikachukua la juzi, nalo hivyo hivyo. Nikachukua kitabu changu mwenyewe, kile ninachofundishia. Herufi zipo, nyeusi, zimesimama kwenye mistari yake, ila haziniambii kitu. Ninaona kwamba ni maandishi kama unavyoona kwamba mgeni anaongea. Mkunga alikuwa jikoni anafunga mizigo, nikamwambia chai ni tamu.

Daktari anasema mshipa mdogo wa kichwani uliziba nikiwa usingizini. Uliharibu mahali pa kusomea, na upande wa kulia wa macho, ndiyo maana nagongana na milango. Mahali pa kuandikia haukupagusa. Naweza kuandika chochote, mkono unakwenda wenyewe. Nikishamaliza mstari siwezi kuusoma. Hii unayoishika sasa mimi mwenyewe siwezi kuisoma. Daktari alisema wapo wengine walioipata, ingawa si wengi. Alisema kama mtu anayenipongeza.

Utauliza kazi naifanyaje. Kirahisi, na hilo ndilo baya. Nakaa dawati la nyuma kama zamani. Mwanachuo anaandika ubaoni, nami nauliza, mwalimu, hiyo ni nini? Wanacheka, wanasema mzee leo ameigiza vizuri. Maandalio ya masomo wanayasoma kwa sauti mbele ya wenzao, na mkuu wa chuo amelisifu jambo hilo kwenye kikao, akalipa jina la mbinu shirikishi. Wakufunzi wengine wameanza kuniiga.

Barua zako nilikaa nazo mfukoni. Ya kwanza niliijibu bila kujua ina nini, kama ulivyoona. Ya pili ilipofika nilijua tu kwa unene wake kwamba mambo si mazuri. Nikampa Ngazi zote mbili mbele ya darasa, nikasema, leo tunasikiliza barua ya mwalimu mpya kutoka kazini. Nilidhani ni salamu na habari za darasa. Alipofika kwenye stoo ya chaki nilitaka kumzuia. Lakini mtu aliyeleta barua darasani anajua kilichomo, hashtuki. Nikamwacha aendelee mpaka mwisho. Nimekukosea, na sina cha kuweka juu ya hapo. La mchanga ni langu mwenyewe, nilianza kulifundisha kabla hujazaliwa. Mengine ni yao.

Utauliza nina huzuni. Sina. Ningependa kuwa nayo. Mjukuu amezaliwa, nikasema vizuri. Nimepoteza kitu nilichokifanya maisha yangu yote, nikaosha kikombe. Naishi kama mtu anayengoja ofisi ifunguliwe.

Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Agosti italetwa mitihani ya mwisho ya kundi hili, nami ndiye wa kuisahihisha. Nimeamua kuwapitisha wote. Nani atajua? Usimwambie dada yangu. Mkunga nitamwambia akirudi.

Nijibu jambo moja tu, uliandike kwa herufi kubwa, nitamtafuta mtu. Shule imefungwa. Je, bado upo kazini, au ile barua umeipeleka?

Mjomba wako


28 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, sijamwambia. Goti limeanza tena.

Anayekusomea ni Ngazi, na mahali anapokusomea, kama amefuata maagizo yangu, ni nyumbani kwako, mlango umefungwa. Nilimweleza kila kitu kabla hajapanda gari. Najua ulitaka siri. Mimi pia niliitaka. Yangu ilisomwa mbele ya darasa, yako inasomwa na mtu mmoja, tena kijana mwenye adabu kupita kiasi. Naona tumelingana, na hasira yangu imeishia hapo. Ngazi, soma pole pole, na hapo ulipoitwa mwenye adabu usiruke.

Mjomba, pole. Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwa sababu sikujua neno lenye ukubwa wa kutosha, na pole ndilo nililolipata. Nililia. Stoo ile ile, ndoo ile ile. Nilishangaa kwamba bado naweza.

Lakini wote huwezi kuwapitisha. Unauliza nani atajua. Nitajua mimi, maana ndio watakaoletwa shule kama yangu, wataingia chumba kama changu, watainua fimbo na watoto wataimba. Ulinifundisha kwamba mwalimu asiyejua kama mtoto anasoma ni mwimbishaji. Hukunipa hilo kwa maneno, ulinipa kwa kukaa dawati la nyuma na kukataa kuelewa mpaka nifundishe kweli. Sasa hujifanyi tena, na bado unawaacha waimbe. Mwambie mkuu wa chuo kabla mitihani haijafika. Mwambie Mama Mkunga leo, si akirudi. Usipofanya hivyo nitamwandikia mimi, na unajua yeye akipanda gari hashuki njiani.

Swali lako moja sitalijibu hapa. Jibu liko kwenye ile kadibodi aliyoibeba Ngazi kifuani, imefungwa na kitambaa. Ni neno moja, limeandikwa kwa gundi na juu yake mchanga wetu, umekauka vizuri. Ngazi amekula kiapo kwamba hatakusomea, hata ukimpa chai. Hakuliandika mtu mzima. Nilimwambia Kimya kwamba nina mjomba yuko mbali, ni mzee na hajui kusoma, na kwamba ameuliza kama bado tuko darasani. Alifikiri kidogo, akavuta gundi.

Hujawahi kuliona neno hilo likiwa hivyo, kwa hiyo hulikumbuki, itabidi ulisome. Fumba macho. Kidole kina kumbukumbu yake, haiombi ruhusa kwa jicho. Sijui ni mkufunzi gani aliyesema hivyo, alikuwa anakata sana alama za mwandiko.

Mpwa wako


16 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkunga yupo, amekaa mbele yangu, na hii ataisoma kabla haijafungwa, kwa hiyo nitasema ukweli. Nilichelewa kumpigia, lakini nilipompigia alikuja na gari la kwanza. Hakulia wala hakunigombeza. Aliingia, akahamisha meza ndogo iliyokuwa upande wa kulia wa mlango, ile niliyokuwa naigonga, akauliza chumvi iko wapi. Dada yangu nimempigia mwenyewe. Alinigombeza kwa wote wawili.

Kwa mkuu wa chuo nilikwenda kabla ya mitihani. Alinisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza kama ile mbinu shirikishi nayo ilikuwa hiyo. Nikamwambia ndiyo. Mitihani imesahihishwa na mkufunzi wa hesabu pamoja na mwingine kutoka nje, na si wote waliopita. Ngazi amepita. Mimi nimeondolewa kwenye usahihishaji, nimebakiziwa vipindi vya mazoezi mpaka nistaafu. Nilisaini karatasi pale nilipoonyeshwa kwa kidole.

Niliwaambia wanachuo, kundi jipya na wale wa zamani waliokuwepo. Nilisimama mbele, nikasema, "Mimi sijui kusoma. Sijifanyi. Anayetaka kuwa mwalimu aje anifundishe." Hakuna aliyecheka. Kisha nikaenda dawati la nyuma, nikakaa. Wa kwanza alikuja akanionyesha herufi, nikamwambia siioni, akanionyesha tena kwa sauti ya juu zaidi, kama watu wanavyofanya kwa viziwi. Wa pili akanishika mkono. Wanajifunza. Ni taabu, na siku nyingine natoka pale bila kitu, na wao wanatoka bila kitu, tunaagana kwa heshima.

Kadibodi yako nilikaa nayo muda mrefu bila kuigusa. Ngazi aliniuliza kila asubuhi, nikamwambia kesho. Sikuiogopa, usidhani. Nilikuwa nasema moyoni, nikilisoma halafu nisihisi chochote, itakuwaje? Ndipo Mkunga, siku ya pili tangu arudi, akaiweka mapajani mwangu baada ya chai, akanifumba macho kwa kiganja chake chenye harufu ya sabuni, akasema, fanya kazi.

Nikaweka kidole. Mchanga wenu ni mkali kuliko wa huku. Ya kwanza nilipanda mstari, nikashuka kwa mshazari, nikapanda tena. Nikarudia. Mkono ukaijua kabla yangu, mdomo ukaitoa sauti yake. Ya pili ilikuwa kijiti kimesimama peke yake, na mwandishi aliisahau gundi katikati, nikaanguka kwenye uwazi, nikaendelea. Ya tatu ilinisumbua. Nilikwenda na kurudi mpaka ncha ya kidole ikaanza kuwaka. Mkunga aliniacha nihangaike, na najua alikuwa ameshalisoma tangu mwanzo. Ya nne ni duara, duara halina ubishi.

Nikaziunganisha pole pole, moja, mbili, halafu zote, kwa mdomo wazi, kama wanavyofanya watoto ambao zamani niliwaambia wanachuo wasiwakimbize.

Nipo.

Nikalisoma tena toka mwanzo ili niamini. Mkunga aliondoa kiganja, akakuta kimelowa, akakifuta kwenye kanga yake, akaenda kutoa vyombo. Nilikaa pale. Nilikuwa na furaha, mpwa wangu, naitaja kwa jina lake, na pamoja nayo huzuni yote ya tangu Januari ikaja kwa mkupuo. Nilikaa nazo zote mbili mpaka chai ya pili.

Kumbe hukuipeleka. Mwambie huyo mwandishi wako kwamba mzee amesoma, na kwamba herufi ya pili aongeze gundi.

Leo asubuhi mwanachuo mmoja mpya, binti mwoga, alikuwa anajizoeza kuita mahudhurio. Alimaliza majina ya wenzake wote, akaangalia dawati la nyuma, akasita, hakujua aniite nani. Nikamwambia aite lile jina, wote wanalijua. Akaita, "Mtoto wa Nyuma." Akasimama kidogo, bila kushusha pumzi.

Nikaitika.

Mjomba wako